Ukosi wa Kizibao

Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, nafungua mlango, nanyoosha mkono wa kulia na kukichukua kizibao msumarini. Hata macho sihitaji kuyafumbua vizuri. Nakikung'uta sisimizi, nakivaa juu ya ovaroli, na ndipo siku inaanza. Asubuhi ile mkono ulipapasa ukuta mtupu.

Nikafumbua macho. Kizibao kilikuwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya shuka zangu, kinachuruzika maji. Kilikuwa na rangi ambayo sikuwahi kujua kuwa kinayo. Harufu ya sabuni ya maua ilinifikia palepale mlangoni.

"Umeamka?" Mama alikuwa ameinama kwenye beseni, mikono ina povu hadi kwenye viwiko. "Nimekiloweka tangu jana usiku. Maji ya kwanza, mwanangu, yalitoka meusi kama oili ya gari!"

"Mama," nilisema.

"Usinishukuru. Siku niliyofika nilidhani kuna panya amefia humu ndani. Kumbe ni nguo ya binti yangu, msomi wa chuo."

Sikuwa na nia ya kumshukuru. Nilitaka kulia, au kulipiga beseni teke. Lakini mimi ni mtu ambaye akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye, kwa hiyo nikasema, "Sawa, mama," kisha nikabaki nimesimama, nikitazama kazi yangu yote ikidondoka mchangani.

Kizibao kile nilikishona mwenyewe kwa blanketi kuukuu na nyuzi za magunia, kifanane na kifua cha sokwe. Kidonge, sokwe mchanga, aliletwa kwenye kituo chetu cha uokoaji ndani ya kikapu cha nyanya, wawindaji wakiwa wameshamuua mama yake. Mtoto wa sokwe asipopata manyoya ya kushika hanyonyi chupa. Anajikumbatia na kuyumbayumba mpaka roho inakuuma. Basi asubuhi ananing'inia kwenye kizibao kifuani pangu, na mchana akilala nakipitisha chini ya wavu kwa Shangazi, sokwe jike tuliyemwokoa kwenye baa moja alikofundishwa kunywa bia ili walevi wacheke. Mwanzoni Shangazi alikitupa. Baadaye akakinusa. Kisha akaanza kukichambua kana kwamba anakitoa chawa, na mwisho akawa anakilalia. Kila mmoja akaizoea harufu ya mwenzake kabla hawajagusana. Ndiyo maana hakifuliwi. Ndiyo maana nakitundika mlangoni kwangu, si katika chumba cha watoto ambako wafagizi hupuliza dawa kila jioni. Nilikikinga na dawa, nikakikinga na panya na mvua. Sikufikiria kukikinga na mama yangu.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kufungua wavu. Kesho lori lingemchukua Shangazi na wenzake kwenda ng'ambo ya mto, kwenye msitu uliozungushiwa uzio. Akimpokea Kidonge, wangeondoka pamoja. Asipompokea, Kidonge angebaki na mimi kwenye chumba chenye vigae, akikua huku akiamini kwamba yeye ni mtu mfupi mwenye nywele nyingi.

"Hakifuliwi, mama," nilisema hatimaye, kwa sauti ambayo hata kuku wasingeisikia.

"Hakuna nguo isiyofuliwa. Hata joho la jaji linafuliwa."

Alikuwa ametimiza siku tatu kwangu. Alikuwa amegeuza godoro, amehamisha meza, ameng'arisha sufuria mpaka nikawa nazionea haya. Na katikati ya kazi hizo, maneno. "Binti wa jirani yetu siku hizi yuko benki. Anakaa kwenye kiyoyozi." Nikimwangalia, anainua mikono: "Sisemi kitu mie, nasema tu."

Nilikivaa kizibao kikiwa kibichi, nikaenda. Akanifuata.

Mzee Filimbi, mlezi wa zamu ya usiku, alinikabidhi Kidonge huku akivuta pua. "Bi Kimya! Leo unanukia kama bibi harusi. Nani amekuposa?"

Kidonge alinirukia kama kawaida, akazika uso shingoni pangu, akauinua, akapiga chafya. Kisha akaachia kizibao na kushika nywele zangu kwa mikono yote miwili. Daktari wa wanyama, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alikinusa kizibao na kufumba macho.

"Nani?"

"Mama yangu."

Alifungua mdomo, akamwona mama nyuma yangu, akayameza aliyotaka kusema. Tulikivua, tukakipitisha kwa Shangazi. Alikinusa mara moja, akakisukuma kwa mguu kikarudi upande wetu, akatupa mgongo.

"Siwezi kufungua hivi," daktari alisema. "Atamng'ata. Tungoje mpaka mchana. Asipobadilika, kesho anaondoka bila Kidonge."

"Nyani gani huyo anachagua sabuni?" mama aliuliza.

"Sokwe, mama. Si nyani."

"Ana mkia?"

"Hana."

"Basi nimekosea mkia tu."

Mzee Filimbi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilibana meno. Nilikuwa na maneno ya kutosha kujaza ndoo, na yote nikayaelekeza kwenye kizibao, nikikikamua kana kwamba shingo ya mtu imo ndani. Ndipo vidole vyangu vikagusa kitu kigeni. Ukosi. Ukosi ulikuwa mpya, wa kitambaa cha bluu, umeshonwa kwa mshono mdogomdogo ninaoujua tangu sare zangu za shule.

"Mama, ukosi wa zamani uko wapi?"

"Ule uliotafunwa? Ulikuwa umeoza! Niliukata kabla sijaloweka, nikakuwekea huo."

Kidonge alikuwa akiunyonya ukosi ule kila siku, na Shangazi alikuwa akianzia hapohapo kuchambua.

"Hukuufua?"

"Sasa nani anafua kitu cha kutupa? Niliutupa shimoni."

Sikuwa nimewahi kumpigia mama kelele maishani mwangu. "Mama," nilipiga kelele, "kimbia!"

Shimo la takataka liko nyuma ya stoo ya chakula. Tulipofika, mpishi wa wanyama alikuwa ndiyo kwanza amemwaga humo maganda ya matikiti na ndizi zilizooza. Nilimkabidhi Mzee Filimbi Kidonge, nikaanza kutafuta pa kukanyaga. Mama hakutafuta. Aliingia na viatu vyake vya safari, vile ambavyo hakubali vivaliwe kwenye matope, akaanza kurusha maganda nyuma kama kuku anayepekua.

"Ulifungwa kwenye gazeti," alisema akihema. "Si hilo. Hilo ni la nani? Watu hawana adabu na takataka. Sogea, unanikanyaga!"

"Mama, taratibu."

"Taratibu ndiyo imekufikisha hapa. Huu hapa!" Aliupeleka puani, uso wake ukakunjamana kwa furaha. "Mungu wangu! Unanuka vilevile!"

Tuliporudi kwenye wavu, daktari aliukata ukosi vipande viwili kwa mkasi wake. Kimoja nilimpa Kidonge, akakitia mdomoni hapohapo na kulegea. Kingine tulimpitishia Shangazi. Alikigeuza. Alikigusa kwa mdomo. Kisha akaja kuketi kwenye wavu, karibu kabisa, akatutazama.

"Haya," daktari alisema, na kuuinua wavu.

Nilimweka Kidonge sakafuni, nikarudi nyuma. Alilia, mkono mmoja ukiwa bado umeshika mkono wa ovaroli yangu. Shangazi alinyoosha mkono wake mrefu, akamvuta kidogo, akanusa utosi wake, akangoja. Vidole vya Kidonge viliachia kimoja kimoja. Halafu vikashika manyoya, manyoya ya kweli, na Shangazi akamfunika kwa mikono yote na kwenda naye kwenye kona yenye majani.

Kidonge hakugeuka kunitazama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilijifunza hivyo chuoni, na niliufaulu mtihani wake.

Nilitoka nje nikaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kizibao mapajani, kinanukia maua. Mama alikuja akaketi kwenye ngazi, ganda la ndizi likiwa limenata begani.

"Binti wa jirani yetu," alianza.

"Mama, tafadhali." Sauti yangu ilitetemeka, lakini ilitoka. "Nimechoka na binti wa jirani. Kama una kitu cha kuniambia, niambie."

Alilitoa lile ganda, akaliweka chini, akajifuta viganja kwenye gauni.

"Sina habari na binti wa jirani," alisema. "Siku niliyofika ulikuwa umembeba huyo mtoto, ukanisalimia kwa mkono mmoja. Nikafagia, nikageuza godoro, nikafua, kwa sababu sikujua nikushike wapi. Nimekukumbuka, mwanangu. Ni hilo tu."