Bega la Kushoto

Waigizaji walimbandika mwalimu wao jina la Mama Mgongo, maana kila siku alianza nao mgongoni: walale chali juu ya mbao, waiache sakafu iwabebe. Kazi hiyo ya kuwafundisha wasanii kuusikiliza mwili alijifunza mwenyewe, kwa kuwatazama watu na kuandika daftarini. Ilikuwa imemlisha miaka kumi na tisa.

Jumatatu mwongozaji wa mchezo alimwita akae naye kwenye viti vya nyuma.

"Dada, hebu watazame tu. Usiseme kitu."

Waigizaji sita waliingia jukwaani mmoja mmoja. Kila mmoja, kabla ya kufungua kinywa, aliinua kidogo bega la kushoto, kama anayezuia mkoba usiteleze.

"Mfalme, askari, bibi harusi, wote kama ndugu wa tumbo moja," mwongozaji alisema. "Walipokuja kwangu hawakuwa hivi. Bega hilo liwe limewatoka ifikapo Ijumaa, la sivyo nitatafuta mtu mwingine. Usinichukie."

"Sikuchukii."

Mwalimu akawakusanya waigizaji. "Hili bega mmelitoa wapi?"

Walitazamana, wakaangua kicheko. Anayeigiza mfalme ndiye aliyejitosa: "Kwako, Mama Mgongo! Tulidhani ndilo somo lenyewe."

Mwalimu aligeukia kioo cha ukutani, akavuta pumzi aseme neno. Bega likapanda. Miaka yote hiyo alikuwa akionyesha kwa mwili wake, macho yake yakiwa kwa wengine.

Hakujitetea. Kuanzia Jumanne alifundisha akiwa ameketi nyuma ya pazia, kwa sauti tu. Aliwapanga wawili wawili, kila mmoja ameweka vidole begani kwa mwenzake. Bega likipanda, sentensi inaanza upya.

"Mbona wewe umejificha?" askari alimchokoza.

"Nisiwaambukize tena."

Ijumaa mabega matano yalitulia. La mfalme lilipanda vilevile.

Mwongozaji alikuna kidevu. "Watano wananitosha. Huyu mwache nalo, linamfaa mfalme. Jumatatu njoo kama kawaida."

Mwalimu alishukuru, kisha akamwita mfalme pembeni.

"Si amesema nimepita?"

"Aliyepita ni mfalme. Mchezo ukiisha utaigiza mtu mwingine, na bega utakwenda nalo."

Kijana akasonya, akacheka. "Haya, nishike basi."

"Hapana. Anza wewe kunishika mimi."

Akaweka vidole viwili begani kwa mwalimu. Mwalimu akavuta pumzi.

"Limepanda," kijana alisema.

Wakaanza upya.