Swali la Nesi Laurencia

Sairowua alikuwa anayajua matumbo. Amechinja mbuzi tangu ujana wake, wala hajawahi kuona tumbo likitengenezwa kupitia vitundu vitatu vya upana wa ukucha. Lakini daktari wa hospitali ya Karatu alishikilia hapohapo: walipitisha kamera, wakaona kovu la upasuaji wa uzazi wa zamani limeubana utumbo wa Nanyokie, wakalikata. Hawakutoa kitu. Sasa ugonjwa umekwenda wapi?

Nanyokie alikuwa mama mkwe wake, na Kiswahili hakukijua. Bintiye Naisula, mke wa Sairowua, alikuwa amejifungua juzi tu kule Sale, kwa hiyo ukalimani ukamwangukia mkwe.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila akiingia, Nesi Laurencia alikuwa na swali moja.

"Muulize mama, ameshatoa hewa?"

"Hewa gani?"

"Kujamba, kaka."

Sairowua alidhani anataniwa. Neno hilo, kwa mama mkwe? Heri ang'atwe na nyoka. Akainamisha macho, akasema kwa Kimaasai, "Anauliza kama umelala vizuri."

"Vizuri," alijibu Nanyokie, akakohoa.

"Anasema bado," Sairowua akamwambia nesi, maana jibu la heshima lingekuwa lipi jingine?

Ikawa hivyo asubuhi, mchana na jioni. Kesho yake daktari akaja, akalibonyeza tumbo, akakunja uso. "Limejaa kidogo, na hewa haijatoka. Huenda utumbo bado umeziba. Itabidi tumpasue tumbo zima."

"Kwa sababu hajajamba?"

"Hiyo ndiyo dalili kwamba njia imefunguka."

Mama wa watu apasuliwe kwa ajili ya adabu zake yeye! Sairowua akampa mgonjwa mgongo, akajifunika uso kwa shuka, akauambia ukuta kwa Kimaasai.

"Paker," alianza. Ndivyo walivyoitana, yaani 'wa kondoo', tangu Sairowua alipompa mama mkwe kondoo wa ukwe. "Unisamehe. Wanachouliza tangu jana ni kama umetoa upepo. Kama bado, watakupasua tena."

Kisha akasikia kikohozi kilekile cha tangu jana, ambacho yeye alidhani ni kifua.

"Paker," Nanyokie alisema taratibu, "unafikiri nilikuwa nakohoa ili kuficha nini?"

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Sairowua, uso bado ukutani, akatafsiri kwa mara ya kwanza neno kwa neno.