Sanduku la Dhahabu la Siok-lan

"Wewe Kho, nijibu hapa hapa watu wasikie. Hayo masanduku yako yana macho au hayana?"

Shangazi Siok-lan alikuwa amesimama mlangoni pa jirani yake, mwiko wa uji wa samaki ungali mkononi, na kichochoro kizima kilikuwa kimeacha kazi ili kumsikiliza. Kazi ipo kila siku.

"Hayana, shangazi. Ni kompyuta tu, inagawa kwa bahati."

"Bahati! Nafungua la kwanza, plasta. La pili, plasta. La tatu linalia kama punda, ndani patupu. Bi-chu anafungua moja tu, anatoka na mzinga!"

"Basi ana bahati."

"Bi-chu? Mwanamke aliyeolewa na yule mume?"

Kho akajishughulisha kufuta vumbi mlangoni.

Kho alikuwa amefungua ukumbi wa bunduki za leza palipokuwa na duka la vitambaa. Unavaa fulana yenye taa kifuani, unaingia gizani, mnapigana miale mpaka taa ya mmoja izimike. Kati ya mapipa alitawanya masanduku. Ukibonyeza kitufe, kompyuta inakupa inachotaka: plasta ya kukurudishia uhai, ngao, au mzinga wa dhahabu unaozima kikosi kizima cha adui kwa mpigo. Au punda. Vijana waliupenda ukumbi huo mwezi mmoja, wakarudi kwenye simu zao. Waliobaki ni kina mama wa vibanda vya chakula, ambao kulenga jirani hawakuhitaji kufundishwa.

Na Siok-lan hakuwa akigombea mchezo. Alikuwa akigombea lango la hekalu. Siku ya kuzaliwa kwa Mungu wa Ardhi, anayeweka meza langoni hupitiwa na mji mzima. Mwaka uliopita lango lilikuwa la Bi-chu na soseji zake. Uji wa Siok-lan uliwekwa nyuma, ubavuni mwa vyoo, ukasifiwa sana na watu wenye haraka zao. Mwaka huu wazee wa hekalu walichoka na matusi, wakamuuliza mungu mwenyewe kama wanawake hawa wangeweza kumalizana kwa Kho. Wakarusha vibao viwili vya umbo la mwezi mchanga, ambavyo mungu hujibu kwavyo. Kimoja kikalala chali, kingine kifudifudi. Mungu, ambaye kelele zile humfikia kwa kuwa nyumba yake haifungwi mlango, alikubali.

"Hebu nionyeshe hiyo kompyuta," Siok-lan alisema, akaingia bila kungoja ruhusa.

Akaitazama. Juu yake palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio, kama mji ule unavyoiwekea kila mashine inayotakiwa kutii. Akaigeuza, akasoma tarehe, akafumba macho.

"Kho. Hii imeoza tangu mwaka juzi."

"Nilisahau, shangazi."

"Umesahau! Halafu unaniambia bahati. Mashine ina njaa, mwanangu, itagawa nini?"

Alirudi na pakiti tatu mpya, zote za kijani. Si njano wala nyekundu, ambazo kama taa za barabarani zingeisimamisha mashine; yeye si mwehu. Akazipanga kwa mikono miwili, akaiambia kompyuta jina lake, anwani yake, na kikosi chake, kama mtu anavyojitambulisha mbele ya mungu hekaluni.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, vikosi viliingia. Siok-lan akabonyeza sanduku la kwanza. Ngao! La pili, ngao nyingine. La tatu likapiga tarumbeta na kuwaka dhahabu.

"Mzinga!" alipiga kelele. "Bi-chu! Umesikia? Wewe umepata nini, mama soseji?"

"Punda," sauti ya Bi-chu ilijibu kutoka gizani.

"Msalimie!"

Akaufyatua mzinga ukutani kwa furaha, akakimbilia sanduku jingine, na jingine. Kila lilipowaka alisimama kulishangilia, na kila aliposimama mtu alimpiga mgongoni. Hilo halikumsumbua. Mwenye ngao nyingi namna ile anaogopa nini?

Wakati wa mapumziko Kho alimvuta pembeni. "Shangazi, acha masanduku. Mnapigwa vibaya mno."

"Napigwaje na mimi ndiye mwenye dhahabu?"

Kho akakuna kichwa. "Nimeipanga hivyo, wateja wasikate tamaa. Anayeshindwa sana ndiye anapewa vizuri. Ulipokuwa unapata punda… ulikuwa unaongoza."

Siok-lan aliitazama kompyuta na pakiti zake tatu. Haikuwa imemtii. Ilikuwa imemhurumia, mbele ya mtaa mzima, kwa tarumbeta.

Kipindi cha pili hakugusa sanduku. Alipiga. Alijikunja nyuma ya pipa kwa magoti ambayo asubuhi yalikataa kupanda ngazi, akawazima mmoja mmoja, mwenye tambi, mwenye tofu, muuza juisi. Mara akasikia tarumbeta upande wa Bi-chu, akatabasamu gizani: sasa ni zamu yake kuonewa huruma! Alikuwa bado anatabasamu mzinga ulipofyatuka na fulana za kikosi chake zikazimika zote. Kengele ikalia. Lango likaenda kwa soseji.

Kabla jasho halijakauka alikuwa mlangoni kwa Bi-chu. "Nakwenda hekaluni kuuliza upya! Umeshinda kwa mzinga wa huruma, Kho kanieleza yote. Kompyuta imekuona maiti!"

Bi-chu alikuwa akikoroga sufuria, mguu mmoja juu ya kigoda. "Dada Siok-lan, mzinga huo nimepata mmoja. Wewe kipindi cha kwanza tulisikia tarumbeta ngapi?"

Siok-lan akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha kwenye kidole cha nne.

"Nenda kaulize. Nami nitakuja niwaeleze wazee, polepole, moja moja. Wanapenda hadithi wale."

Siok-lan akageuza uso upande wa hekalu. Aliiona meza yake tayari iko kule nyuma, upepo wa vyooni ukiipepea.

"Walau mwaka huu wanisogeze hatua mbili," alisema mwishowe.

"Hilo nitawaambia mimi. Sasa usinizibie mwanga, ingia. Tambi hizi nimetia chaza, na mume wangu hali chaza. Chukua bakuli."