Mshika Viatu

Mauza alipomwona Shahd amekumbatia viatu vya kaka yake, alisimama palepale. Ilikuwa Idi pili, viwanja vya Mnazi Mmoja vimejaa watoto wenye nguo mpya. Muaz, mtoto wa kiume wa Ghanim, kaka yake Mauza, alikuwa juu kwenye ile meli ya chuma inayobembezwa kwa injini mpaka abiria waanze kumwita Mungu. Wapandaji huvua viatu ili visiruke vikampiga mtu. Na Shahd, dada yake Muaz, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyeachiwa avishike.

"Wewe mbona hupandi?" Mauza alimuuliza.

"Baba kasema wasichana tunapata kizunguzungu, shangazi."

Hapo hasira zikampanda. Mauza ana miaka hamsini na moja na duka la khanga Kariakoo, na anayempunja kwenye mzigo huisoma namba. Lakini utotoni, kila Idi, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Bembea zilikuwa za mbao, zikisukumwa kwa mikono. Ghanim alipanda, yeye alishika viatu. Hakuna aliyemuuliza kama anataka, na alitaka mpaka akaota. Miaka ilivyosogea, ukoo mzima ukakubaliana kwamba Mauza hakupanda kwa sababu alikuwa mwoga. Mwoga! Unamfungia mtu mlango kwa nje, halafu unasema hapendi kutembea. Hadithi hiyo ilisimuliwa kila sikukuu, na watu walicheka huku wakimpakulia biriani.

Ghanim akaja na mfuko wa bisi, kanzu imenyooka, manukato yakimtangulia.

"Mpandishe mtoto," Mauza alimwambia.

"Atatapika huyu. Watoto wa kike hawayawezi haya. Si hata wewe ulikuwa unaogopa?"

"Nitapanda mimi, sasa hivi."

"Kwa umri huu, dada? Na presha yako?" Ghanim alicheka mpaka bisi zikamwagika. "Haya, panda. Ukishuka salama, na Shahd atapanda."

Watu walikwishageuka kutazama. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Mauza akakata tiketi mbili, akavua viatu vyake vyekundu vya Idi, akamkabidhi Ghanim mikononi.

Sasa nikwambie kilichomuudhi kuliko vyote. Chuma cha kumzuia kiliposhushwa mapajani, aliogopa. Aliogopa kwelikweli. Miaka yote alipokatazwa hakuwa na chembe ya woga, na leo, amejiruhusu mwenyewe, woga ukamjia, kama vile ulikuwa umekaa barazani ukimsubiri. Alitamani kumtukana mtu, ila hakujua amtukane nani.

Meli ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikapanda zaidi. Alifumba macho, ikawa balaa: yeye alishuka, tumbo likabaki juu. Akayafumbua upesi. Juu ya ghorofa moja upande wa Mchafukoge palikuwa na tangi jeusi la maji. Akalikazia macho hilo hilo, akapumua polepole kwa mdomo, akaita ya Latifu, ya Latifu. Wengine walipiga mayowe. Yeye alikuwa na tangi lake.

Aliposhuka, ardhi ilikuwa bado inabembea. Muaz hakushuka, alikuwa na tiketi nyingine. Ghanim alimchungulia dadake usoni.

"Vipi?"

Mauza angefungua mdomo, Idi nzima ingetoka. Alimwonyesha Shahd ngazi kwa kidole. Mtoto akambwagia baba yake viatu vya Muaz, akavua na vyake, akapanda mbio. Meli ilipoondoka tu, Mauza akainama, akatapika. Matapishi mengine yalirukia pindo la kanzu nyeupe ya Ghanim.

"Si nilisema!" Ghanim aliruka nyuma. "Simamisheni! Mshusheni mwanangu!"

"Nyamaza wewe!" Mauza alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Wewe ulitapika kila Idi. Mwaka mmoja ulitapikia viatu vyako mwenyewe, nikavifuta mimi kwa gauni langu jipya. Mama akasema biriani imekuzidi, na mwaka uliofuata ukapanda tena. Ukitapika wewe ni biriani, tukitapika sisi ni woga? Mkuki kwa nguruwe!"

Ghanim aliinamia pindo la kanzu yake, viatu kifuani.

"Na leo nimeogopa, ndiyo, tena sana. Nimeogopa mwenyewe. Zamani mliniogopea nyinyi."

Juu kule Shahd alikuwa akipiga kelele, na kwa muda haikujulikana kama analia. Kisha meli ikainuka upande wao, wakamwona ameinua mikono yote miwili, anacheka, ushungi umemwangukia mabegani.

Ghanim alitazama viatu vilivyomjaa kifuani. Akachomoa vile vyekundu, akamnyooshea dada yake.

"Kaa navyo," Mauza alisema, akielekea pekupeku kwenye foleni ya tiketi. "Narudi. Nimepanda mara moja tu, na sikuona kitu isipokuwa tangi la watu."