Shangazi Watano wa Boti ya Wagonjwa

Mimi huendesha ambulensi isiyo na magurudumu: boti nyeupe ya faiba, kitanda kimoja, na king'ora kinachoogopwa na samaki tu. Kabla ya kazi hii nilizamisha boti mbili, zote zangu, kwa hiyo busara yangu ina chumvi nyingi.

Jumatano saa nne asubuhi tuliitwa kijijini Mbwajumali. Tima alikuwa na mimba ya kwanza, uchungu tangu alfajiri.

"Mtoto ametanguliza makalio," muuguzi Chelangat aliniambia kwa sauti ya chini. "Anahitaji upasuaji. Tukifika Lamu kabla ya saa saba tuko sawa."

Njia ya haraka ni Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji baina ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, pale hata bata hutembea. Nayo yalikuwa yameanza kupwa. Kuzunguka nje, kwa bahari kuu, kuna mawimbi ya kumzalisha hata asiye na mimba.

Tulipomlaza Tima, wakapanda na shangazi zake watano, kila mmoja na chupa yake ya chai.

"Jamaa mmoja tu," Chelangat akasema.

"Ndiye mimi," akajibu Bi Alawiya, mkubwa wao, akiketi. "Hawa wamenisindikiza."

Kwetu mzazi hapelekwi hospitali peke yake kama barua. Nikatazama jinsi boti ilivyodidimia, nikatazama uso wa Bi Alawiya, aliyenifundisha Kurani kwa fimbo, nikawasha injini. Kosa ni langu, silipaki asali.

Katikati ya Mkanda tukakwama. Injini ikatapika tope.

"Bwana Shuaib, tumefika?" Tima akauliza.

"Karibu," nikasema, nikitazama mikoko pande zote.

Chelangat akasikiliza moyo wa mtoto. Akasikiliza tena. "Mapigo yanapungua. Tuondoke hapa."

Nikaruka majini, nikasukuma. Boti haikunijua. Bi Alawiya akakunja buibui hadi magotini.

"Shukani," akawaambia nduguze. "Chupa zibaki."

Wakashuka wote, wakasukuma kwa mdundo wa vugo, ngoma yao ya harusi, hadi boti, iliyopungukiwa na shangazi watano, ikateleza kwenye kina. Nikadandia, injini ikawaka, nikageuka kuwapokea.

"Usisimame," Bi Alawiya akasema, tope mapajani. "Utakwama tena. Shika ndia yako."

"Na nyinyi, Bi?"

"Mai yanatoka, hayaingii. Tutazama katika nini?"

Saa sita na nusu Tima aliingizwa chumba cha upasuaji. Mimi na Chelangat tukakaa kwenye benchi, chupa tano za chai kando yetu, mpaka mlango ulipofunguka.

Saa kumi na moja maji yaliporudi, shangazi walifika kwa mashua ya wakata boriti, wamekaukiwa na tope kama vyungu.

"Mwana?" Bi Alawiya akaniuliza.

"Wa kike. Mzima, na mamake mzima. Amelia mpaka Manda wamesikia."

Akafumba macho, midomo ikicheza kwa dua. Kisha akaufuata mlango wa wodi. Askari akamzuia.

"Wageni wawili tu, Bi."

"Sisi si wageni, mwanangu. Sisi ni injini."

Askari akanitazama. Nikamwambia ni kweli, ile nyingine ilishindwa. Wakapita wote watano. Bi Alawiya, wa mwisho, akasimama mbele yetu.

"Na chupa zetu?"

Chelangat akatazama dari. Zote tano zilikuwa tupu.