Mashine Tupu

Watu hudhani Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, hushuka kutoka hewani, unaipakua na kuanza kutamba nayo. Thubutu! Nyuma yake kuna watu waliotawanyika duniani, kila mmoja na kifurushi chake cha programu anachokilea kama mwana, na wote wanamhofia mmoja waliyembandika jina la Bawabu. Huyo ndiye anayeamua kipi kiingie kwenye toleo jipya na kipi kibaki nje.

Fundi, mwanamke asiyependa kushindwa, alitunza programu inayosoma skrini kwa sauti. Hakuichukua kwa kujionyesha. Mdogo wake haoni, na kazi yake ni kupokea simu hospitalini. Bila sauti ile, kompyuta iliyo mbele yake ni bati tu. Hospitali ilikuwa inahamia toleo jipya. Programu ikiachwa nje, ndugu yake hana kazi, basi.

Asubuhi ya siku ya kufunga toleo, Bawabu akaandika kwamba kifurushi cha Fundi kimegoma kujengwa, yaani msimbo wake haugeuki kuwa programu inayotumika, na kama hali ni hiyo hadi jioni, kinaondolewa. Fundi akakijenga kwenye kompyuta yake, kikakubali. Akarudia, kikakubali tena. Akawaka! Akajibu kwamba kwake hakina shida, Bawabu ajichunguze mwenyewe. Bawabu, bahili wa maneno, akamwambia ajenge kwenye mashine tupu, isiyo na kitu ila mfumo wenyewe. Ndiyo sheria yao, na haina shemeji wala mjomba.

Fundi akamwendea mdogo wake sebuleni, akitaraji wamsengenye Bawabu pamoja. Ndugu yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada," akasema, "mimi sifanyi kazi kwenye kompyuta yako."

Yalimchoma. Kompyuta ile alikuwa ameirundikia viraka miaka nenda rudi. Akaweka kazi zake pembeni, akaifuta yote, akajenga upya. Kikagoma! Kumbe kulikuwa na kipande cha programu ya sauti alichokiweka kwa mkono zamani akakisahau, na hakuwahi kutaja popote kwamba kinahitajika. Uzembe ulikuwa wake, na aibu ilimpata kwelikweli. Akajifunga kibwebwe. Akakitaja, kikagoma kwa sababu nyingine. Akairekebisha nayo, kikajengeka. Mtunzaji mwenzake akakijenga upya kwake, maana hakuna anayejipitishia kazi yake mwenyewe. Jua likiwa linazama Bawabu akaandika, "Kimeingia." Hata pole hakutoa.

Fundi bado hakuridhika. Akaifuta tena mashine, akaichomekea toleo jipya, akazima skrini na kumwita mdogo wake aliweke mwenyewe. Kimya. Kisha mashine ikasema. Ndugu yake akaanza kubonyeza, hatua moja baada ya nyingine, na aliposita kidogo Fundi akanyoosha mkono amsaidie. Ndugu yake akausukuma.

"Toka nje kidogo, dada. Unavyohema, siisikii."

Akatoka. Akasimama koridoni ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtiririka, na humo ndani sauti ikaendelea kumsomea mdogo wake.