Salamu za Aliyepanda

Mkono wa kulia wa Mwalimu Mashaka haukusubiri ruhusa ya mwenyewe. Akiona mtu, ulipanda. Akiona mzee, ulipanda na kichwa kikainama. Miaka aliyofundisha Goba ndiyo iliyouzoesha hivyo, maana mwalimu hawezi kutoka nyumbani hadi dukani bila kuamkiwa na nusu ya kitongoji, na kila anayeamkia anataka kujua kwamba ameonekana. Alifika pale akiwa kijana wa Rufiji asiye na shamba wala mjomba, na salamu ndizo zilizomjengea jina kabla hajajenga nyumba.

Kisha akahamishiwa shule moja ya Boko. Akawa anatoka gizani, anashuka vilima kwa miguu hadi barabara ya Bagamoyo, na akirudi watoto wamelala. Mkewe Zubeda alisema watoto wale sasa wanamjua baba yao kwa kikohozi tu. Kwa hiyo ndugu zake wa Rufiji walipouza korosho za shamba la marehemu baba yao na kumletea fungu lake, Mashaka akatangaza kwamba atanunua pikipiki.

"Nani atakufundisha?" Zubeda aliuliza.

"Nitajifunza mwenyewe. Baiskeli nilifundishwa na nani?"

"Atakufundisha Tunu. La sivyo hiyo pikipiki ikalale kwa mwingine."

Tunu alikuwa mdogo wake Zubeda. Alijifunza kuendesha pikipiki jeshini, JKT, akaja kuwa tarishi wa shirika moja la umma, akizungusha barua mjini kutwa nzima, suruali ya kaki mwilini na ushungi ndani ya helmeti. Shirika lilipokufa, kama yalivyokufa mengi miaka ile, akarudi Goba kukaanga vitumbua. Ulimi wake ulikuwa mkali, na kwa kuwa Mashaka ni shemeji yake, hapakuwa na wa kumkataza kuutumia.

Walikwenda pamoja Ilala, kwenye uwanja wa mabati uliojaa bidhaa za meli. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa milango. Vitu vilivyokuwa hadithi vilikuwa vimepangwa juani: majokofu, redio, pikipiki zilizochakaa kidogo kutoka Japani. Mashaka alisimama mbele ya moja nyekundu, ndefu kama ngamia, akaishika usukani kwa mikono miwili.

"Braza, umechagua mashine ya kiume," muuzaji alisema.

"Kaa juu yake, shemeji," Tunu akamwambia.

Mashaka akakaa. Vidole vya miguu ndivyo pekee vilivyogusa ardhi.

"Unacheza ngoma au umekaa? Haya, shuka. Sasa ilaze chini."

Muuzaji akaruka. "Sista! Ilazwe kwani imechoka?"

"Nataka aiinue. Siku ikimlaza huko vilimani, wewe utakuja kumwinulia?"

Waliilaza taratibu juu ya magunia. Mashaka akainama, akavuta, akabadilisha mkono, akavuta tena mpaka shati likashikana na mgongo. Ile nyekundu ikapanda kidogo, ikarudi kulala. Muuzaji ndiye aliyemalizia kuinyanyua.

Tunu alikuwa ameshakwenda mwisho wa safu. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki ndogo ya buluu, anatikisa mnyororo, anapitisha kidole kwenye spoku moja moja. Akaisukuma, akabana breki ya mkono, akaisukuma tena, akabana ya mguu. Akageuza usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, akisikiliza.

"Hiyo wanapanda masista wa misheni," muuzaji akasema kwa huruma.

"Na umewahi kumsikia sista wa misheni aliyekufa kwa pikipiki?"

Muuzaji akafikiri. "Sijawahi."

"Basi tufungie hii."

Mashaka aliinua ile ya buluu mara ya kwanza tu, peke yake, na nyayo zake zote mbili zikakaa chini. Aliona aibu njia nzima ya kurudi. Leo haioni tena. Tunu ni marehemu sasa, maradhi yalimchukua kabla nywele hazijamgeuka, na kila Mashaka anapozikumbuka nyayo zake zilivyotulia juu ya ardhi ya Ilala, humwombea rehema.

Mafunzo yalifanyika jioni kwenye uwanja wa mpira, kibao cha L kikining'inia nyuma. Kwanza Tunu hakumruhusu kuwasha. Alimfanya aisukume pikipiki imezimwa, aruke juu yake kwenye mwinuko mdogo, ateremke nayo na kuisimamisha penye mstari aliouchora kwa kisigino. "Kwenda hata jiwe linakwenda, ukilisukuma," alisema. "Nionyeshe kusimama." Siku Mashaka alipokuja na helmeti ameipachika kwenye kiwiko, kama alivyoona vijana wa mjini wakifanya, Tunu alikaa chini akakataa kusema neno.

"Kuna nini, shemeji?"

"Nasubiri unieleze kiwiko chako kina akili gani hata kilindwe hivyo."

Polepole akaelewa gia, akaelewa kukata kona bila kulitazama tairi, akaelewa kwamba breki ya mbele ikibanwa penye mchanga inakutupa. Lililomshinda ni moja. Jioni moja Mzee Mfaume, mkulima wa mihogo ambaye nyumba yake ilikuwa juu ya mteremko mkubwa wa kuendea barabarani, alikatiza uwanjani na jembe begani. Mkono wa kulia wa Mashaka ukapanda. Mkono huo ndio uliokuwa na mafuta na breki. Pikipiki ikapoteza nguvu, ikayumba, ikaingia kwenye ua wa minyaa.

Tunu alikuja akicheka hadi machozi. "Mashaka wa jina na Mashaka wa vitendo! Umeamkia minyaa, je, imeitikia? Usifikiche macho, utomvu huo utakupofusha." Alimnawisha uso na kumpangusa mwenyewe kwa ncha ya kanga yake.

"Sikuweza kumpita mzee hivi hivi," Mashaka akasema.

"Ungeweza."

"Shemeji, dini inatufundisha kwamba aliyepanda ndiye anayeanza kumsalimia anayetembea. Sasa mimi nimepanda. Nikinyamaza si nitakuwa nimefanya kiburi mara mbili?"

Tunu akamtazama. Hoja hiyo hakuitarajia. "Msalimie kwa ulimi," akasema mwishowe.

"Nani atanisikia, na injini hii, na helmeti hii?"

"Mikono miwili kwenye usukani, Mashaka. Mengine tutayafikiria."

Mashaka akajaribu kuyafikiria peke yake. Alipopata leseni na kuanza safari za Boko, aliona dawa ni kupunga mkono wa kushoto, kwa kuwa huo haukuwa na kazi kubwa. Mtu wa kwanza kupungiwa alikuwa Mzee Mfaume, amekaa barazani kwake. Ijumaa ile msikitini, Mashaka alipomnyooshea mkono baada ya sala, mzee aliutazama kwanza.

"Leo umeniletea wa kulia?" akauliza kwa sauti ya kusikika na safu nzima. "Maana Jumanne nilipewa wa chooni."

Watu wakacheka. Mashaka alicheka nao, lakini nyumbani hakula. Akasikia pia kwamba kina mama kisimani wanasema pikipiki imemvimbisha kichwa mwalimu. Jina alilolijenga kwa miaka, aliona linabomoka kwa siku chache. Kuanzia kesho yake akarudia mkono wa kulia. Alipunguza mwendo, akaunyanyua haraka, akaurudisha haraka. Hakumwambia Tunu.

Asubuhi moja, manyunyu yakiwa yamepita, alikuwa katikati ya mteremko wa kwa Mfaume wakati watoto wa shule ya Goba, wanafunzi wake wa zamani, walipokuwa wakipanda. Walimjua. Wakapanga mstari kando ya njia, wakaimba kwa pamoja, "Shikamoo mwalimuuu!" Mkono ukapanda. Tairi la mbele likaingia kwenye mfereji wa mchanga uliochimbwa na maji, usukani ukageuka wenyewe, na pikipiki ikaserereka moja kwa moja kwa wale watoto. Wakatawanyika kama vifaranga. Mmoja hakukimbia. Lulu, binti wa darasa la pili, alisimama tu akimtazama mwalimu wake anakuja, mkono wake mdogo bado uko kichwani kwa heshima.

Mashaka alijitupa upande wa pili na pikipiki yake. Tairi la nyuma lilipita lilipopita. Pikipiki ilipotulia, Lulu alikuwa ameketi kwenye majani, kandambili moja imekatika, mwenyewe mzima. Hakulia. Alisema, "Marahaba hujasema, mwalimu."

Mashaka aliisukuma pikipiki hadi nyumbani, imezimwa, goti linavuja damu. Siku ile hakwenda Boko.

Tunu alifika adhuhuri. Mashaka alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alitamani hata yaje. Tunu aliketi kwenye kizingiti, akasikiliza yote, mkono wa kushoto, msikiti, mtoto. Hakutania.

"Nitaiuza," Mashaka alisema. "Nisipopunga, watu watanitenga. Nikipunga, nitaua mtoto wa mtu. Afadhali miguu."

"Na ukitembea, wanao watakuona lini?"

Mashaka akalitazama goti lake.

"Usiiuze wiki hii," Tunu akasema, akainuka. "Goti likikauka tutazungumza."

Kilichofuata Mashaka alikisikia kwa Mzee Mfaume, aliyekuja mwenyewe Jumapili jioni na kuketi mkekani bila kukaribishwa mara mbili.

"Shemejiyo ana wazimu," mzee alianza. "Alikuja kwangu na sinia la vitumbua. Nikamwambia sijaagiza. Akasema, 'Babu, nimeleta salamu za Mwalimu Mashaka.' Nikamuuliza, salamu za lini? Akasema, 'Za kesho. Na za keshokutwa. Na za kila siku atakayopita hapa na ile pikipiki. Nimezileta mapema kwa sababu akizileta mwenyewe njiani ataua mjukuu wako.' Nikamwambia, binti, salamu haziletwi kwa jumla kama mkaa."

"Akasemaje?" Mashaka aliuliza.

"Akaniambia kwenye mkono wa kulia ndiko ilikofungwa breki, na kwamba Mjapani aliyeifunga hakutujua. Wakati wote huo mie nadhani umenidharau, kumbe ulikuwa unagombana na Mjapani!" Mzee akacheka, kisha akaacha. "Lulu ni mjukuu wangu. Hukulijua hilo?"

Mashaka akainamisha kichwa. "Sikujua, mzee. Nisamehe."

"Nimeshasamehe, kwa sababu ya vitumbua. Lakini nilimwekea sharti. Marahaba zako zote zinabaki kwangu. Siku za mapumziko uje kwa miguu uzichukue, tukae, tuzungumze. Sitaki mtu wa kunipita tu."

"Nitakuja."

"Hakuja kwangu peke yangu. Amezunguka nyumba zote za mteremkoni, hata ya yule Mama Jovina asiyezungumza naye tangu kesi ya mbuzi. Amekwenda mpaka shuleni, ameomba azungumze na watoto mstarini. Sijui amewaambia nini."

Usiku ule Mashaka aliwaza jinsi mtu alivyochukua jina lake, akalibeba kichwani pamoja na sinia, nyumba kwa nyumba, akakaa mbele ya watu waliokwisha kununa, akamwombea radhi bila kutumwa. Hata ndugu yake wa tumbo moja hajawahi kumfanyia hivyo.

Jumatatu alifunga mkanda wa helmeti, akapiga kiki. Alipofika juu ya mteremko akapunguza mwendo. Mzee Mfaume alikuwa barazani. Mashaka aliushika usukani kwa mikono yote miwili, akasema ndani ya helmeti, "Asalaam aleikum, mzee," akapita. Mkono wa kulia ulitaka. Aliuhisi ukitaka, kuanzia begani. Haukupata.

Chini zaidi aliwaona watoto. Walikuwa wamepanda juu ya kingo za njia, mbali na mchanga, wamesimama wima, mikono yote nyuma ya mgongo. Hakuna aliyefungua mdomo. Mashaka hakuwahi kupita penye watoto wengi wakimya kiasi kile, na hakuwahi kuheshimiwa kiasi kile. Akawasalimia mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti ndogo isiyotoka nje ya helmeti, macho yake yako njiani. Lulu alikuwa wa mwisho. Mfereji wa mchanga aliuona kabla haujamwona yeye, akabana breki ya nyuma kidogo, akapita kandokando yake.

Pale njia inapokutana na barabara, Tunu alikuwa amesimama na sinia lake la vitumbua, akijifanya anasubiri wateja. Mashaka akasimama, nyayo mbili chini, akazima injini na kuvua helmeti.

"Nimekuona ukishuka," Tunu alisema. "Umekaza mabega kama umebeba jeneza."

"Tunu."

"Na kioo cha kushoto umekigeuzia mbinguni. Unatafuta gari la malaika?"

"Tunu, ahsante."

Yule mwanamke asiyekosa la kusema akakosa. Akainama, akaukagua mnyororo uliokuwa hauna kasoro yoyote. Mashaka hakumwachia. Alimwambia yote, pale pale barabarani, malori ya mawe yakipita: kwamba amejua alikozunguka, kwamba amempa uso wa kutazama watu, kwamba mjukuu wa Mfaume na watoto wake yeye mwenyewe wote wako salama kwa rehema ya Mungu na kwa sababu yake Tunu. Alichelewa shule kwa ajili ya maneno hayo na mwalimu mkuu akamkaripia.

Watu wengi husubiri kaburi ndipo waseme. Mashaka alimzika Tunu akiwa na huzuni kama ya wengine, pengine kuwazidi, lakini hakuwa na neno alilobaki nalo. Alikuwa ameshalisema, na Tunu mwenyewe alikuwa amelisikia, ameinama kwenye mnyororo, masikio yamemwiva kwa haya.

"Haya, nenda," alimwambia siku ile bila kuinua uso. "Na ugeuze hicho kioo."